Kamba Ile Hukuichomoa Wewe

Keza mwanangu,

Mambo ya pasipoti, chanjo, soksi nene na nani wa kumpigia simu ukifika nimemwachia mama yako. Amekuwa akikueleza tangu asubuhi, nami nimekusikia ukimkubalia "ni byo, Mama" kwa ile sauti yako ya mtu anayefikiria kitu kingine. Sasa mmekwenda Rwezamenyo kumuaga shangazi yako. Najua hatawaachia mpaka mle, kwa hiyo nina saa tatu hivi, na ninazihitaji zote. Unaujua ugonjwa wangu: siwezi kusema jambo kabla sijaeleza limeshikwa na nini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nililelewa Mwanza, na Kinyarwanda changu, kama bibi yako alivyokuwa akilalamika, kinatosha kwenye harusi na kwenye msiba tu. Hili la leo liko katikati.

Kesho unakwenda Afrika Kusini, kwa yule mama mwenye karakana ya boti za mbio, ambaye amekubali kukuchukua kwa miezi sita ya majaribio. Majirani hapa Batsinda wananiuliza, "Mwarimu, mtoto anakwenda kusomea nini?" Nikijibu kwamba ni boti, wanabaki wananitazama, wakingoja nimalizie sentensi.

Nianze na watu ninaowadharau, maana huko ni rahisi. Baadaye nitafika kwangu.

Unakijua chama chetu cha ziwa Muhazi. Wanachama kumi na mmoja, na kumi kati yao wanakaa Nyarutarama, kwa matajiri, au wanataka ujue kwamba wanakaa Nyarutarama. Wa kumi na moja ni mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, niliyeitwa kwa sababu niliweza kuwaeleza kwa nini boti hupinduka. Boti zao zimefunikwa maturubai mazuri kuliko mapazia ya sebule yetu. Wana kofia za unahodha. Wengi hawajawahi kufungua kifuniko cha injini kwa mkono wao, na wakisikia mlio usio wa kawaida humwita fundi kutoka Gatsata, kisha humsimamia na kumweleza kazi yake. Mmoja wao, daktari wa meno, hutapika kwenye ziwa Muhazi, ziwa ambalo mawimbi yake ni ya beseni. Kutapika si kosa. Kosa ni kwamba akishafuta mdomo huanza kusimulia ujasiri wake.

Watu hawa wana swali moja wanalolipenda kuliko boti zenyewe. Huliuliza kila mkutano, samaki wakishaletwa: mbona vijana hawaingii kwenye mchezo huu?

Nakumbuka mkutano ule mmoja. Mwenyekiti, unamjua, yule muuza vigae, aliegemeza tumbo mezani akasema, "Mwarimu, wewe ndio iko na habari ya watoto. Vijana iko wapi?"

"Iko kwenye simu," Daktari akadakia. "Simu na kubeti. Hawana roho."

"Na maji wanaogopa," mwingine akaongeza.

"Sisi tulikuwa wagumu, sha! Wagumu rwose, kabisa kabisa!" akasema Mwenyekiti.

Hakuna aliyekuwa mgumu pale, Keza. Hakuna hata mmoja aliyeanza mchezo huu kwa taabu. Walianza kwa kununua. Na wakati ule ule wakigongeana glasi, ukingoni palikuwa na vijana saba waliokuja kwa moto, zile pikipiki za abiria, wawili wawili juu ya siti, kutoka senta iliyo juu ya kilima. Walikuja kila Jumapili. Walikuwa wanajua kila boti kwa mlio wake kabla haijatokea kwenye matete. Mlinzi aliwafukuza siku hiyo kwa sababu mmoja wao aliegemea tela la Mwenyekiti. Niliwaona wakipanda kilima kwa miguu, wakigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Nilikuwa nikichambua miiba ya samaki.

Kisha chama kikanipa kazi ya kuandika ripoti: Kwa Nini Vijana Hawapendi Boti za Mbio. Nami, kwa kuwa napenda kueleza, niliandika kurasa tatu zenye vichwa vidogo. Niliandika kwamba kijana wa leo hana subira. Kwamba anataka usukani kabla ya kujua kufunga fundo. Kwamba mchezo unadai nidhamu na yeye amelelewa kwa kubofya. Jumapili iliyofuata niliisoma kwa sauti ya darasani, wakapiga makofi, na Daktari akaomba nakala ampelekee shemeji yake.

Nilipokuwa kwenye ukurasa wa pili uliingia wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa nje tangu saa mbili asubuhi ukisugua ukoko wa majani chini ya boti ya Mwenyekiti, mikono imekunjamana kwa maji, ukaja kuomba kitambaa kikavu. Ulisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Tukiwa garini nikakuuliza, kama mpumbavu anayetaka sifa mara ya pili, "Umeionaje?"

Ukasema, "Umeandika vizuri, Papa. Lakini hao ni nani?"

Nilisema kitu kuhusu foleni ya magari.

Sasa nieleze ule msimu wa kamba, maana wewe na wenzako wanne mlioingia pamoja mlidhani ni sheria ya zamani ya mchezo. Haikuwa ya zamani. Niliitunga mimi. Mgeni yeyote kijana akae msimu mzima bila kugusa usukani: adake kamba boti zikirudi, abebe madumu ya mafuta, asugue, akaushe, afunike. Wenye boti waliipenda sana kanuni hiyo, na huhitaji elimu kubwa kujua kwa nini. Walipata watu wa kuosha boti bure, na walipata watazamaji. Huo ndio ukweli wa swali lao: walitaka vijana wa kuwatazama. Kijana anayeshika usukani vizuri kuliko wao mbele ya wake zao ni kitu kingine kabisa, na hicho hawakukitaka hata siku moja.

Lakini mimi sina kisingizio chao. Mimi nilijua kamba ni nini. Nilipokuwa Mwanza, umri wako, nilibeba madumu ya tajiri mmoja kwa miaka minne kwa sababu alikuwa na boti ya kasi. Katika miaka hiyo minne nilishika usukani mara moja, dakika kumi, naye akiwa amenishika bega. Nilichofundishwa pale ni kusubiri. Badala ya kumchukia, nikaja kuamini kwamba kusubiri ndiyo elimu yenyewe, kwa sababu vinginevyo ningelazimika kukubali kwamba nilipoteza miaka minne. Mtu aliyesoma huweza kuupa ujinga wake jina zuri. Mimi niliuita nidhamu, nikawapa watoto wa watu, nikakupa na wewe.

Msimu ukaisha, ikaja siku ya jaribio lako. Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Unajua nilivyokuwa nikieleza. Boti ya mbio haikati maji kama mtumbwi. Ikipata kasi hupanda juu ya maji na kubaki ikiyagusa kwa sehemu ndogo ya nyuma, kama kiganja kinachopapasa meza. Pua ikinyanyuka mno, upepo huingia chini na kuipindua. Ikiinama mno, hujichimbia na kukutupa mbele. Katikati ya hayo mawili pana nafasi finyu, na dereva huitafuta kwa kidole gumba kwenye kitufe cha kuinamisha injini, na kwa mkono wa mafuta, ile fimbo ya kuongeza na kupunguza kasi. Na ipo ile kamba nyekundu iliyosokotwa kama waya wa simu ya zamani: upande mmoja umefungwa pajani kwa dereva, upande mwingine umebanwa kwenye swichi. Dereva akirushwa majini, kamba inachomoka na injini inazima, boti isije ikarudi kumkata. Niliwaambia mara mia: kamba hiyo ni roho yenu.

Wewe ulikaa kushoto kwenye usukani. Mimi kulia kwako. Mkono wa mafuta katikati yetu, na swichi chini yake, karibu na goti lako la kulia. Chama kizima kilikuwa kimesimama gatini, na wenzako wanne wa kamba wamekaa juu ya madumu. Ulizunguka boya la kwanza vizuri. La pili vizuri zaidi. Ukaja kwenye la tatu, lile la karibu na matete, ambapo mimi huwafundisha watu wote kupunguza mafuta mapema, kwa sababu mimi mwenyewe hupunguza mapema.

Nikasema, "Punguza."

"Bado, Papa."

"Keza, punguza!"

"Bado kidogo. Imeshika, Papa. Sikia, imeshika!"

Nami nikasikia. Ilikuwa imeshika kweli. Boti ilikuwa imelala ubavu kwenye ile nafasi finyu, imetulia, haitetemeki, na kidole chako gumba kilikuwa kikicheza kwenye kitufe kidogo kidogo, bila kutazama. Katika maisha yangu yote sijawahi kuisikia boti imetulia hivyo mikononi mwangu. Nilikuwa nikieleza jambo lile kwa miaka, kwa michoro na mishale, na siku ile ndipo nilipolikuta, kwa binti wa msimu mmoja wa kamba.

Basi nikanyoosha mkono nikaichomoa kamba.

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa. Kamba haikuchomoka, Keza. Goti lako halikuigusa. Niliichomoa mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Injini ikazima katikati ya kona, pua ikaanguka, wimbi letu wenyewe likatupanda kutoka nyuma, na kidevu chako kikagonga usukani. Damu ikashuka kwenye jaketi lako la kuelea. Ukaniuliza, "Nini? Imekuwa nini?" Ncha ya kamba ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaiachia ianguke karibu na mguu wako, nikasema, "Goti. Umeigonga kwa goti." Ukalitazama goti lako kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemng'ata mgeni.

Gatini Mwenyekiti alisema, "Pole, binti. Mimi nilisema mapema. Hii kitu iko na wenyewe." Nami nikatikisa kichwa kumkubalia. Daktari wa meno, ambaye nimemcheka hapo juu na nitaendelea kumcheka, ndiye mtu pekee siku hiyo aliyefanya kitu cha maana: alikubana kidevu kwa kitambaa chake mpaka hospitali, akikutania njia nzima kwamba sasa huna budi kuja kwake kwa meno. Ulikuwa ukicheka na kulia pamoja. Mimi niliendesha gari.

Utauliza kwa nini. Nilijiambia kwamba niliogopa usije ukafa. Baba yeyote angesema hivyo, na watu wangenipa pole. Lakini mimi ni mtu wa fizikia, na najua kwamba kuzima injini katika kona ile ndiko kulikokuwa hatari kuliko kuiacha. Nililijua hilo mkono wangu ukiwa njiani. Sikuogopa kifo chako. Niliwaona wale kumi gatini, nikaona kwamba ukimaliza kona ile watajua kwamba msimu wa kamba ni upuuzi, ripoti ni upuuzi, na Mwarimu amekuwa akifundisha kupunguza mapema kwa sababu tu yeye mwenyewe hawezi. Nililinda kiti changu kwenye meza ya watu ninaowadharau. Siku zote nimewaona wao wadogo, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufanya kitu kidogo kiasi hicho.

Wenzako wanne waliacha wiki ile. Mmoja alinijibu kwenye simu kwa adabu, "Mwarimu, kama Keza ameshindwa, sisi iko nani?" Wale saba wa kwenye kilima nao hawakuonekana tena. Mkutano uliofuata, samaki wakaletwa, na Mwenyekiti akauliza: mbona vijana hawaji? Nikanyanyua uma wangu nikala.

Wewe ndiye hukuacha. Ulikwenda Gatsata kujifunza injini kwa mafundi waliokuita "dada wa boti" kwa dhihaka mpaka wakaanza kukuita hivyo kwa heshima. Ukapata kuendesha boti za kuvushia watu pale Muhazi, pamoja na mbuzi wao na magodoro yao. Nilikuja kukutazama mara moja bila kukuambia, nikasimama nyuma ya duka la soda. Uliendesha vizuri. Lakini niliona kitu, na tangu siku hiyo sina raha: ulikuwa umekaa umelibana goti la kulia chini ya kiti, kama mtu anayemficha mtoto mtundu asije akavunja vyombo.

Nisikilize hapa, maana hii ndiyo sababu sikuweza kuliacha jambo hili lizeeke nami. Kwenye boti ya kuvushia mbuzi unaweza kukaa utakavyo. Kwenye boti ya mbio, miguu yote miwili ndiyo inayopokea mshindo. Ukikunja mmoja, mshindo unapanda upande mmoja wa uti wa mgongo, kiuno kinajipinda, na unaporushwa huna cha kujikazia. Watu wameumia vibaya kwa kosa dogo kuliko hilo. Miaka miwili mwili wako umejifunza kujihadhari na kosa ambalo hukulifanya, na mimi ndiye niliyeufundisha. Ningenyamaza, ungekwenda kukaa hivyo hivyo kwenye boti ya kasi mara nne ya zile za hapa.

Kisha mwezi uliopita ukaniletea barua yako ya maombi nikusahihishie lugha. Yule mama alikuwa ameuliza: tueleze kosa ulilowahi kufanya kwenye usukani na ulichojifunza. Ukaandika aya nzima, nzuri, ya unyenyekevu, kuhusu goti lako. Nilisoma uongo wangu kwa mwandiko wako. Na unajua nilichofanya? Niliongeza mkato mahali ulipokosekana, nikakurudishia. Ukaniambia, "Asante, Papa. Wewe ndiye uliyenisimamia siku ile, hata nilipokuaibisha mbele ya wenye boti." Ukanibusu kichwani. Nimebeba busu hilo mwezi mzima kama kitu nilichokiokota mfukoni mwa mtu.

Sikuombi unisamehe kabla ya kesho. Hata sijui kama nataka uharakishe. Mambo yaliyosamehewa kwa haraka hapa nyumbani kwetu huwa yanarudi kwenye meza ya chakula. Jumapili nitasimama mbele ya chama kabla samaki hawajaletwa, niwasomee ukurasa mmoja badala ya tatu, wenye jibu la swali lao na jina langu chini yake. Watanitoa, na itakuwa mara ya kwanza wamefanya uamuzi wa maana. Kwa yule mama wa karakana sitaandika kitu. Aya ile ni yako, uibakize au uisahihishe, ukijua sasa ilivyotokea.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii ndani ya sanduku, kati ya zile soksi za mama yako, uikute ukiwa huko ambako huwezi kunijibu. Nikaona ni mkono ule ule unaoelekea kwenye swichi ile ile. Kwa hiyo nimeiweka juu ya sanduku, mahali utakapoiona mara tu mkirudi, na juu yake nimeweka funguo za gari. Ukitaka nikupeleke uwanja wa ndege wa Kanombe, niletee funguo. Ukitaka mama yako akupeleke, mpe yeye. Mimi nitakaa chumbani na sitatoka kuja kukuharibia safari kwa uso wangu. Ukitaka kunigombeza kwanza, nipo macho.

Ila gari lolote utakalopanda, na yeyote akiendesha, ukishakaa, liachie goti la kulia. Linyooshe mbele, lipate nafasi. Halikugusa kitu.

Papa